Mawe ya Msingi ya Helikopta Mbuni

Katika nchi moja ambayo msomaji asijisumbue kuitafuta, maana akiikosa atasikitika na akiipata atasikitika zaidi, palikuwa na desturi ya kuweka mawe ya msingi. Hakuna kilichofanyika huko bila jiwe. Zahanati iliwekewa jiwe, choo cha zahanati kikawekewa la kwake, na mlango wa choo ulipobadilishwa, naibu waziri alisafiri kutoka mji mkuu na msafara wa magari kuja kuweka jiwe la mlango. Jiwe lenyewe lilikuwa kijukwaa cha zege chenye kibao cha marumaru usoni. Juu ya kibao lilichongwa jina la mheshimiwa kwa herufi kubwa, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, kikatajwa kitu kilichokusudiwa kujengwa. Vitu vingi viliishia hapo kwenye herufi ndogo. Mgeni aliyepita barabarani angeweza kudhani ni nchi ya makaburi, na wenyeji hawakuwa na haraka ya kumsahihisha.

Mhandisi Sikudhani Mlekwa alizaliwa katika nchi hiyo, kwenye Bonde la Mwerere, ambalo kila masika mto huligeuza kuwa ziwa. Alipokuwa shule ya msingi alisimama na watoto wenzake kumwimbia waziri aliyekuja kuweka jiwe la daraja. Magari ya msafara yaliogopa tope la mtoni, kwa hiyo jiwe la daraja likawekwa juu ya kilima cha Chongwe, mahali pakavu, ambako hata mwendawazimu asingewaza kujenga daraja. Waziri alisema kuanzia siku hiyo mafuriko yamebaki historia. Watoto wakapewa pipi, msafara ukaondoka, na daraja halijaonekana mpaka leo. Jiwe likabaki kilimani. Wanawake wakaanika muhogo juu yake, wanaume wakanolea mapanga pembeni mwake, na kila masika wote wakapanda kulizunguka huku maji yakipita chini na nyumba zao.

Sikudhani alisoma kwa hasira. Wenzake walisoma wapate vyeo, yeye alisoma kwa sababu ya lile jiwe. Alikwenda ng'ambo akajifunza kutengeneza helikopta, akarudi na michoro ya helikopta kubwa ya kubebea askari na mizigo, akaipeleka serikalini. Hao askari aliwataja kwanza ili mradi upite. Moyoni alikuwa na jambo moja tu: mama yake, Bi Zawena, alikuwa amekataa katakata kuhama Mwerere na kuliacha kaburi la mumewe, na Sikudhani alitaka siku moja kitu kitue pale Chongwe kimtoe, yeye na majirani zake, kabla maji hayajawafikia.

Serikali iliupokea mradi kwa shangwe. Nchi jirani ilikuwa haina helikopta ya namna hiyo, na hiyo ilikuwa sababu tosha.

*

Kazi ya kwanza ilikuwa jina. Kamati ya Jina iliketi hotelini kwa muda mrefu, ikauliza ndege mkubwa kuliko wote ni yupi, ikajibiwa ni mbuni. Basi helikopta ikaitwa Mbuni. Mjumbe mmoja aliyetaka kusema kwamba mbuni haruki aliambiwa ajadili hoja iliyo mezani, na hoja iliyokuwa mezani ilikuwa ukubwa.

Kazi ya pili ilikuwa jiwe.

Mkuu wa Itifaki ya Taifa, Bwana Salehe Kidungwe, alifika karakana siku mbavu za helikopta zilipokuwa ndiyo kwanza zinaungwa. Alikuwa mtu mpole, mwenye suti ya rangi ya majivu na sauti ya kufariji wafiwa. Aliizunguka Mbuni, akagonga bati kwa kidole, kisha akauliza jiwe la Mtukufu litakaa wapi. Mtukufu ndiye aliyekuwa kiongozi wa nchi ile. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahaulika, na kulikumbuka kulikuwa kosa.

"Mheshimiwa, helikopta haina msingi," Sikudhani alisema. "Haikai mahali pamoja."

"Ndiyo maana inahitaji kuwekewa, Mhandisi. Kitu kisicho na msingi hakiaminiki."

"Basi tuliweke nje, mlangoni pa karakana."

"Karakana ina la kwake. Aliliweka naibu waziri. Unataka Mtukufu asimame pembeni ya naibu waziri?"

Sikudhani alifikiri. Mashine ile ilikuwa na nguvu za kuinua lori. Jiwe moja ingelimudu, na bila jiwe hilo mradi ungekufa siku hiyohiyo. Akakubali liwekwe ndani, katikati ya sakafu, mahali ambapo wagonjwa wangelazwa. Baadaye alijilaani kwa kukubali, na alikuwa na haki ya kujilaani.

Mtukufu alikuja na bendi ya shaba. Alishika mwiko wa dhahabu, akapaka saruji kidogo, akafuta mkono, akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi," alisema, "wako watu, na tunawafahamu kwa majina, wanaotaka taifa lenye helikopta za kurukaruka hovyo, leo ziko hapa, kesho ziko kule. Mataifa makubwa yametengeneza helikopta zinazoondoka. Sisi tunatengeneza helikopta inayobaki. Helikopta yenye mizizi!"

Watu walipiga makofi kwa sababu askari walikuwa wanaangalia nani hapigi.

*

Ungedhani yameishia hapo. Lakini Mtukufu akishaweka jiwe, nani atakayekubali kuonekana hana la kuweka? Wiki iliyofuata Waziri wa Ulinzi alikuja kuweka jiwe la injini. Waziri wa Ujenzi akaweka la mkia, akisema mkia ni jengo lililolala. Mama wa Taifa akaweka la viti. Spika wa Bunge alikuwa hana sehemu iliyobaki, akaweka jiwe la hewa itakayokuwa ndani. Mkuu wa mkoa akadai kwamba uwanja wa ndege ilipo karakana uko mkoani kwake na heshima yake iko wapi, akapewa kona karibu na tangi la mafuta. Balozi wa nchi rafiki akaleta jiwe la urafiki kutoka kwao, la mwamba mgumu wa matale, refu kuliko yeye, likaingizwa kwa winchi. Kila jiwe lilifungwa kwa nondo na zege ili lisitikisike.

Kisha bunge likapitisha Sheria ya Hifadhi ya Mawe ya Taifa, kwamba yeyote atakayeling'oa, kulimega, kulikalia au kulisemea vibaya jiwe lililowekwa na kiongozi atahesabiwa mhaini.

Siku ya jaribio la kwanza, Kapteni Yoram Sengasu aliwasha injini. Yoram alikuwa rubani hodari, mnene kiasi, mcheshi, aliyewahi kutua kwenye uwanja wa mpira katikati ya mechi na kuzomewa kwa kuharibu penalti. Mapanga ya helikopta yalizunguka, vumbi likapanda, kofia za waheshimiwa zikaenda zake, mabati ya nyumba za jirani yakang'oka yakaruka mbali. Kila kitu pale uwanjani kiliruka isipokuwa helikopta. Mbuni ilinguruma, ikatetemeka, ikakaa palepale.

Iliundwa Tume ya Kuchunguza Uzito, mwenyekiti wake Bwana Kidungwe. Sikudhani aliiambia tume, kwa maneno ambayo mtoto wa chekechea angeyaelewa, kwamba helikopta imejazwa mawe na mawe ni mazito.

"Tafadhali, Mhandisi," Bwana Kidungwe alisema kwa upole. "Jiwe la Mtukufu lina uzito wa heshima. Uzito wa heshima haupimwi kwa mizani."

Tume ikabaini kwamba vilivyozidi ni viti, milango, machela, kamba za kuopolea watu, sanduku la dawa na rubani. Vyote vikaondolewa isipokuwa rubani, ambaye aliamriwa kupungua. Yoram akawekewa askari wa kumwangalia anapokula. Asubuhi uji bila sukari, mchana mchicha, jioni maji ya vuguvugu na mwongozo wa uzalendo. Suruali zake zikaanza kumvuka, na Mbuni haikunyanyuka hata kidogo.

"Injinia," alimwambia Sikudhani, ameegemea jiwe la Mama wa Taifa mpaka askari alipomkemea, "wakimaliza kunipunguza mimi watapunguza mapanga. Nakwambia."

Sikudhani hakucheka. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na alikuwa anasikiliza bati la karakana.

*

Simu ya mama yake iliingia kabla ya adhuhuri.

"Mwanangu, tumepanda Chongwe," Bi Zawena alisema. Nyuma yake mbuzi walikuwa wanalia na mtu anaita watoto. "Mwaka huu maji yana haraka. Nyumba ya mwalimu imekwenda, na shule imekwenda."

"Mmewaita jeshi, mama? Boti?"

"Tumewaita. Wanasema boti hazina mafuta. Na hilo dude lako, nalo halina mafuta?"

"Lina mafuta, mama."

"Basi lina nini?"

Sikudhani alitazama ndani ya Mbuni. Marumaru zilimwangalia kutoka kila upande, majina ya watu waliokuwa wamekula chakula cha mchana mahali pakavu tangu walipozaliwa. Hasira ilimpanda. Alikuwa ameivumilia kwa miaka, akiilea kama mtu anavyolea jino bovu, akijiambia kesho, akijiambia wataelewa. Sasa aliona kwamba walikuwa wameelewa tangu mwanzo na hawakujali.

"Nakuja," alisema, akakata simu.

Bahati ilikuwa upande wake kwa njia ya serikali. Siku hiyo walinzi wote wa mawe, pamoja na wakuu wao, walikuwa hotelini kwenye semina ya ulinzi wa mawe, na semina ilikuwa na pilau. Sikudhani alichukua mtaimbo ukutani. Yoram alimwona, akasimama.

"Injinia, unajua hilo ni uhaini."

"Najua."

"Basi mimi nipe ile nyundo kubwa. Huo mtaimbo unakufaa wewe."

Mafundi wa karakana waliacha kazi zao wakaja mmoja mmoja, hakuna aliyeitwa. Walivunja zege, wakakata nondo, wakasukuma mawe nje mpaka kwenye nyasi, na yakaanguka chali, majina yakitazama mvua. La urafiki liliwapa taabu. La Mtukufu, Sikudhani alilivunja mwenyewe, na hakulivunja kwa sababu za kiufundi tu. Alipiga mpaka jina likawa vipande, na kila alipopiga alijisikia nafuu.

Yoram akawasha injini. Safari hii Mbuni ilitikisa mabega mara moja, ikaondoka ardhini kama mtu aliyetua mzigo kichwani. Ilipaa bila milango, bila viti, bila kelele za bendi. Sikudhani alishika nguzo akalia, na mvua ikampiga usoni hata hakuna ambaye angejua.

Chongwe kilikuwa kimebaki kisiwa kidogo. Mbuni ilitua karibu na jiwe la daraja, mbuzi wakatawanyika. Bi Zawena alikuwa amefunga kanga yake kichwani na amebeba kuku kwapani. Alimtazama binti yake, akaitazama helikopta.

"Haina hata mlango," alisema.

"Waliutoa, mama."

"Na viti?"

"Wametoa."

"Mashetani hao," Bi Zawena alisema, akaingia, akakaa sakafuni mahali jiwe la Mtukufu lilipokuwa.

Waliwachukua wote, wazee na watoto kwanza, wakarudi mara kwa mara mpaka kilimani hakukubaki mtu. Kabla jua halijashuka, watu wa Mwerere wote walikuwa wameketi kwenye lami ya uwanja wa ndege, wamelowa, wanatetemeka, wazima.

*

Bwana Kidungwe alifika kutoka semina akiwa bado na kijiti cha meno. Aliyaona mawe kwenye nyasi, akafumba macho kidogo. Kisha akawaona watu.

"Hawa ni nani?"

"Ni watu wa Mwerere," Sikudhani alisema. "Wameokolewa."

"Na nani?"

"Na Mbuni."

"Mbuni haijazinduliwa, Mhandisi." Alisema bila ukali, kama anayemweleza mtoto. "Chombo ambacho hakijazinduliwa hakijaanza kazi. Chombo ambacho hakijaanza kazi hakiwezi kuwa kimeokoa mtu. Kwa hiyo hawa wote, kiutaratibu, bado wako Chongwe."

Bi Zawena alisogea mpaka mbele yake. "Baba, mimi niko hapa. Nimekukanyaga kiatu."

"Mama, tusibishane na serikali tukiwa tumelowa."

Mablanketi yalikuwepo, rundo zima, yamepangwa kwenye stoo ya uwanja. Lakini yalikuwa mablanketi ya waliookolewa. Mlinzi wa stoo aliwatazama watoto wanavyogonga meno, akasema roho inamuuma, akafunga kufuli. Watu wa Mwerere walijikunyata chini ya upenu wa karakana, na mafundi wakawavulia makoti yao.

Asubuhi Sikudhani aliitwa ikulu. Alitarajia pingu. Akamkuta Mtukufu ana furaha, anakula papai kwa uma.

"Nimeambiwa inaruka," Mtukufu alisema. "Hongera. Uhaini wako tutaujadili baada ya uzinduzi, usiwe na wasiwasi, una nafasi yake kwenye ratiba. Uzinduzi ni Jumamosi. Mimi mwenyewe nitapanda, nitakwenda Chongwe, nitawaokoa wananchi wangu, na redio itatangaza moja kwa moja."

"Mtukufu, Chongwe hakuna mtu. Tumeshawatoa."

"Ndiyo, hilo nimelisikia. Watarudishwa."

Sikudhani alidhani hakusikia vizuri. Alimtazama Bwana Kidungwe, ambaye alikuwa anaandika.

"Maji bado yanapanda," alisema taratibu. "Mnataka kuwarudisha watu kwenye mafuriko ili muwatoe?"

"Mhandisi, wewe unataka watu waokolewe. Mimi nataka waokolewe na mtu. Watu wanaookoka hivihivi hawamkumbuki yeyote, hata kura hawajui wampe nani."

"Na mawe?"

"Yanarudishwa. La kwangu linachongwa upya, kubwa zaidi, kwa sababu ulilivunja. Na patakuwa na jiwe la uzinduzi."

"Basi haitaruka." Sauti ilimpanda, na hakuishusha. "Mtukufu, nisikilize. Haitaruka. Siyo siasa, siyo uzalendo, ni mawe. Mama yangu yuko pale. Watoto wako pale. Ukiwapeleka kule na ukaweka mawe humu, unawaua, na utakuwa umewaua ukiwa na bendi."

Mtukufu alimeza papai.

"Itaruka," alisema. "Nimeshaandika hotuba ya kutua."

*

Boti za jeshi, zile ambazo hazikuwa na mafuta ya kuwatoa watu Chongwe, zilipata mafuta ya kuwarudisha. Watu wa Mwerere waliambiwa ni siku moja tu, na kwamba wakishaokolewa rasmi kila mmoja atapata blanketi na mchele. Waliogoma walipandishwa kwa kitako cha bunduki. Bi Zawena hakugoma. Alimpa fundi mmoja kuku wake amtunzie, akasema hataki kiumbe kingine kiingie kwenye upuuzi huu.

Sikudhani alipanda boti pamoja naye.

"Wewe baki," mama yake alisema. "Wewe hawakukutaja."

"Niliapa kukutoa kule, mama. Siwezi kukuangalia unarudishwa nikiwa nimesimama nchi kavu."

Bwana Kidungwe alifurahi. Mhandisi wa kike miongoni mwa waokolewa, alisema, ni jambo litakalovutia wafadhili. Yoram alikuwa amefungiwa kwenye chumba cha marubani pale uwanjani asije akaugua kabla ya Jumamosi. Boti yao ilipopita mtoni kando ya uwanja, Sikudhani alimwona dirishani, amekonda, ameinua mkono nusu, hakupunga.

Boti ziliwashusha Chongwe zikageuza. Kilima kilikuwa kimepungua. Mahali Mbuni ilipotua siku ile palikuwa maji ya rangi ya kahawa, na kuku waliosahaulika walikuwa wamepanda juu ya jiwe la daraja. Watu walikaa wamebanana kuzunguka jiwe hilo. Bi Zawena alitoa redio ndogo aliyoifunga ndani ya mfuko wa plastiki, akaiweka pajani.

Jumamosi saa nne mtangazaji alianza. Alitaja waheshimiwa waliohudhuria, na hilo likachukua asubuhi yote, huku maji yakipanda. Utepe ukakatwa. Jiwe la uzinduzi likawekwa, na mtangazaji akasema lilikuwa la marumaru nyeusi na lilibebwa na askari wengi kwa heshima kubwa. Mtukufu akapanda. Injini zikawashwa.

Sikudhani aliinamisha sikio kwenye redio. Alizijua injini zile kwa sauti, alikuwa amezisikiliza tangu zikiwa vipande mezani. Mapanga yalishika kasi. Yoram aliongeza nguvu, akaongeza tena, na mlio ukawa mzito, ule wa mashine inayosukuma kitu kisichosogea.

"Inapaa!" mtangazaji alisema. "Ndugu wasikilizaji, Mbuni inapaa, inapaa, jamani, inapaa!"

"Haijapaa," Sikudhani alisema.

Watu walimtazama. Hakuna aliyeuliza anajuaje. Mlio uliendelea vilevile, mzito, mahali pamoja, mpaka ukafunikwa na bendi.

"Mbuni sasa iko juu ya Bonde la Mwerere," redio ilisema. "Mtukufu anawapungia wananchi. Wananchi wanalia kwa furaha. Sasa inatua Chongwe!"

Watu wa Chongwe walitazama juu. Palikuwa na mawingu tu, na mwewe mmoja anayezunguka akivizia wale kuku. Mtoto mmoja alimpungia mkono.

"Tunaye hapa mmoja wa waokolewa, Bi Zawena Mlekwa. Bi Zawena, unajisikiaje?"

Sauti ya mwanamke, nyororo, ya mtu aliyekunywa chai ya tangawizi, ilisema hana maneno ya kutosha kumshukuru Mtukufu, kwamba amezaliwa upya, na kwamba anaomba uongozi wake uwe wa maisha.

Bi Zawena wa Chongwe alisikiliza mpaka mwisho.

"Anaongea vizuri," alisema. "Amelelewa na nani huyo?"

Kisha akaizima redio ili betri isiishe.

Sikudhani alipiga simu. Alipiga kambi ya jeshi, akaambiwa boti zimerudishwa ghalani kwa kuwa zoezi limekamilika. Alipiga kwa Yoram, simu haikupatikana. Mwishowe alimpata Bwana Kidungwe, na nyuma yake kulisikika vikombe na vicheko.

"Tuko Chongwe," Sikudhani alisema. "Maji yanapanda. Leteni boti. Hatutaki blanketi, hatutaki mchele, hatutasema neno. Leteni boti moja tu."

"Nani mwenzangu?"

"Unanijua mimi ni nani! Ni Sikudhani. Niko hapa na mama yangu, tuko hapa wote."

Bwana Kidungwe alijibu kwa ile sauti ya kufariji wafiwa, na safari hii ilikuwa mahali pake.

"Mhandisi Sikudhani ameokolewa saa saba mchana wa leo," alisema. "Hata mimi nimefurahi. Chongwe hakuna mtu."

Sikudhani alitukana. Alimtukana yeye na mwiko wa dhahabu na bendi na papai, kwa matusi ambayo hakuwahi kuyatamka mbele ya mama yake, na mama yake akayaongezea mengine ambayo binti alikuwa hayajui. Simu ilikuwa imekatika zamani. Aliendelea kutukana mpaka pumzi ikamwishia, na maji yakafika miguuni mwake.

Akajifunga kanga kiunoni. "Leteni watoto," alisema.

Wakafukuza kuku, wakawapandisha watoto juu ya jiwe la daraja, wakubwa wakiwashika wadogo, kisha bibi mmoja mwenye miguu mibovu, kisha mama mmoja mjamzito. Wengine walisimama kulizunguka wameshikana mikono, Sikudhani upande mmoja, Bi Zawena upande wa pili, migongo yao kwenye zege. Katika nchi nzima lilikuwa jiwe la kwanza la serikali kupata kumbeba mwananchi.

Jioni maji yalifika kwenye kibao. Yalianza na herufi ndogo za chini, zile zilizotaja daraja, yakazimeza moja baada ya nyingine. Jina kubwa la juu lilikuwa bado kavu.